Udongo Uliolishwa Vibaya

Kila asubuhi, kabla hajawasha jiko, Mama Pacha alikwenda nyuma ya nyumba kuangalia mboga zake. Aliziangalia kama mtu anavyomwangalia mtoto aliyelala na homa. Zimeamkaje leo?

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa lile lile. Zimeamka vibaya.

Bustani yake ilikuwa kati ya ukuta wa nyumba za kupanga na barabara ya malori. Zamani palikuwa na kiwanda cha matofali ya saruji. Kiwanda kiliondoka, kikaacha mchanga, kokoto na vumbi jeupe. Ukichimba kidogo tu, jembe linagonga kipande cha tofali. Ukimwaga maji, yanapotea kama yamemwagwa kwenye chujio. Mchicha uliota, ukafika urefu wa kidole, kisha majani yakawa ya manjano. Haukufa na haukukua. Ulikaa tu.

"Mboga zako zimegoma," mama mkwe wake alimtania. Nyumba nzima ilimwita Bibi, na ulimi wake haukuwa na likizo. "Labda zinadai mshahara."

"Zinadai chakula, Mama," Mama Pacha alijibu. "Na mimi sina cha kuzipa."

Mume wake alikuwa fundi bomba. Mtaani walimwita Fundi, basi. Alijua kila bomba linapita wapi chini ya ardhi, la maji safi na la maji machafu. Lakini kazi za bomba huja na kupotea. Zikipotea, bustani ndiyo iliyotakiwa kulisha watu watano: Fundi, mkewe, Bibi, na watoto pacha, msichana na mvulana, waliosoma shule ya chekechea ya mtaani.

Jioni moja Fundi alisimama bustanini, mikono kiunoni. "Niachie mimi," alimwambia mkewe. "Nitazipa dawa."

"Dawa gani, Baba Pacha?"

"Wewe nawe! Ukipewa maziwa unauliza rangi ya ng'ombe?"

Siku chache baadaye alichimba mfereji mdogo kando ya ukuta. Akaufunika kwa vipande vya bati. Maji yakaanza kupita chini ya bati na kusambaa kwenye matuta ya upande wa chini.

"Ni maji ya kufulia na kuogea," alisema. "Badala ya kupotea, yatusaidie."

Maji yalinuka kidogo. Mama Pacha alikunja pua, akaendelea kupalilia. Na mboga zikabadilika. Mchicha ukawa na majani mapana kama viganja. Saladi ikajikunja mviringo, ya kijani kibichi, ikijaa mikono miwili. Majirani walianza kupanga foleni. Mpishi wa chekechea alikuja mwenyewe. Alitaka saladi, ile inayoliwa mbichi kwa limau na chumvi.

"Watoto wanaipenda," alisema. "Niletee kapu zima."

Mama Pacha alipeleka kapu zima. Alirudi nyumbani akiimba.

Asubuhi hiyo hiyo alikuja jirani wa nyumba ya pili kutafuta mchicha. Mwanamke huyu alifanya kazi kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka ya mji. Kazi yake ilikuwa kupima maji kwa hadubini, kile chombo cha kuonea vijidudu visivyoonekana kwa macho. Kwa hiyo mtaa ulimwita Bi Hadubini, naye alilipenda jina hilo.

Bi Hadubini aliinama kuchuma mchicha. Akasita. Akanusa hewa. Kisha akaenda ukutani na kuinua kipande cha bati.

"Jirani," aliita kwa sauti ya chini. "Njoo hapa. Maji haya yanatoka wapi?"

"Mume wangu anasema ni ya kufulia."

"Tufuate mfereji."

Waliufuata hadi kwenye kona ya ukuta. Pale, chini ya bati la mwisho, palikuwa na bomba kubwa la saruji. Lilikuwa limetobolewa. Maji ya kijivu yalitoka yakiwa na vipande vya karatasi, na vitu vingine ambavyo havihitaji kutajwa. Mama Pacha alishika mdomo.

"Hili ni bomba la vyoo la mtaa mzima," Bi Hadubini alisema. "Haya ni maji ya choo. Mabichi kabisa. Dada, umeuza nini leo?"

"Saladi."

"Umemuuzia nani?"

Mama Pacha alitazama juu. Jua lilikuwa linakaribia utosini.

"Shule," alisema. "Chekechea. Wanakula mchana huu."

Alichukua simu, akampigia mpishi. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Iliita tena, hakuna aliyepokea.

Bibi alikuwa amesikia kila kitu kutoka kizingitini. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Mwanangu," alisema, "ukilisema hili hadharani tumekwisha. Nani atanunua tena jani kutoka kwetu? Na mume wako atafungwa. Nenda kaseme umekosea kapu. Sema ilikuwa ya mtu mwingine."

"Mama, wajukuu wako wamekaa kwenye zile meza."

Bibi aliruka kutoka kizingitini. Kisha akapiga kelele: "Sasa unasubiri nini? Kimbia!"

Mama Pacha alikimbia. Kandambili moja ilimtoka njiani, akaiacha. Bi Hadubini alimfuata nyuma akihema. Walipofika, geti la shule lilikuwa limefungwa.

"Wazazi ni saa ya kutoka," mlinzi alisema. "Ndiyo sheria, mama."

"Kaka, nifungulie! Chakula si salama!"

Mlinzi aliangalia mguu wake mmoja uliokuwa peku, akadhani ana wazimu. Lakini Bi Hadubini alifika, akatoa kitambulisho chake cha kazi. "Fungua," alisema. "Tutajieleza ndani."

Chumba cha kulia kilikuwa kimejaa. Watoto walikaa kwenye mabenchi, sahani mbele yao, wali na saladi iliyokatwakatwa. Wengine walikuwa wanasubiri. Meza ya karibu na dirisha ilikuwa imeshaanza kula. Pacha wa kiume alikuwa ameinua kijiko.

"Acheni!" Mama Pacha alipiga kelele. "Msile! Wekeni vijiko chini!"

Vichwa vyote vikageuka. Mtoto mmoja akaanza kulia. Mpishi alitoka jikoni, mwiko mkononi.

"Wewe mama, umerukwa na akili?"

Wakati ule angeweza kusema kapu limekosewa. Maneno ya Bibi yalikuwa tayari kwenye ulimi wake. Mama Pacha aliwatazama walimu, akamtazama mpishi, akatazama kijiko cha mwanawe.

"Saladi yangu ni chafu," alisema. "Imemwagiliwa maji ya choo. Sikujua. Nimejua sasa hivi. Tafadhali, watoto wasile."

"Lakini niliiosha!" mpishi alisema. "Niliiosha vizuri kabisa!"

"Naamini," Bi Hadubini alijibu. "Lakini kuosha kwa maji matupu kunaondoa vumbi tu. Vijidudu vya kuhara na mayai ya minyoo yanang'ang'ania kwenye mikunjo ya jani. Huyaoni, na hayatoki kirahisi."

Mwalimu mkuu hakupoteza muda. Sahani ziliondolewa. Watoto wote walinawa mikono kwa sabuni. Wale wa meza ya dirishani walipelekwa kituo cha afya. Kati yao alikuwamo pacha wa kike, ambaye siku zote hula haraka kama anafukuzwa.

Kesho yake tumbo lilimshika. Aliharisha tangu asubuhi. Midomo ilimkauka, macho yakaingia ndani. Watoto wengine wawili wa meza ile nao waliugua. Muuguzi alimpa Mama Pacha dawa ya unga ya kuchanganya na maji safi. "Mpe kidogo kidogo, usiache," alisema. "Maji yanayotoka lazima yarudi. Akilegea sana au akishindwa kunywa, mlete mbio."

Mama Pacha alikaa na kikombe na kijiko. Nje, sauti zilikuwa zinapanda. Wazazi walikuwa wamekusanyika mlangoni.

"Atoke huyo Fundi! Atuambie ametulisha nini!"

Fundi alitoka. Mtu wa miraba minne, lakini siku hiyo alionekana mdogo. "Mboga zilikuwa zinastawi," alisema. "Mliziona wenyewe. Nilidhani mboga zikiwa na afya, na mlaji atakuwa na afya."

Bi Hadubini alikuwa amesimama katikati ya watu. "Hapo ndipo ulipokosea, Fundi," alisema. "Mmea hauugui kwa vijidudu vya choo. Anayeugua ni mlaji."

Fundi aliwapa watu mgongo. Aliingia ndani, akapiga magoti kando ya mkeka wa binti yake. Mtoto alifumbua macho.

"Baba, tumbo linauma."

"Najua, mama," Fundi alisema. "Ni mimi nimekuumiza."

Mkewe alimpa kijiko. Alimwachia nafasi tu, ili amnyweshe mtoto.

Asubuhi iliyofuata, ofisi ya idara ya maji ilipofunguliwa, Fundi alikuwa mlangoni. Hakusubiri kuitwa. Aliwaeleza alichofanya. Mkaguzi alikuja, akaangalia bomba, akamkaripia mbele ya mtaa mzima mpaka masikio yakawaka. Alimwamuru alizibe bomba papo hapo, na akamwonya kwamba akirudia atapoteza kibali chake cha kazi. Fundi alilichimbua, akalifunga kwa saruji, akafukia mfereji. Mboga zote za upande wa chini ziling'olewa na kufukiwa kwenye shimo refu.

Watoto wote watatu walipona. Dawa ya minyoo waligawiwa wote waliokula. Lakini mtaa haukusahau upesi. Mama Pacha alipopita, mazungumzo yalikatika. Mwanamke mmoja alivuka barabara ili asimsalimie. Bustani ilibaki tupu, na jikoni mambo yalikuwa magumu.

Alasiri moja Bi Hadubini aligonga mlango. "Kesho nataka mje kazini kwangu," alisema. "Nyote."

"Mimi sitaki kuona tope tena maisha yangu yote," Fundi alisema.

"Sikiliza, Fundi. Ulichotaka hakikuwa kibaya. Njia ndiyo mbaya. Udongo wenu una njaa, hilo ni kweli. Na chakula chake kimo kwenye majitaka, hilo nalo ni kweli. Tunakula mahindi, maharage, mboga. Mwili unachukua kiasi, kilichobaki kinatoka. Kila siku malori yanaingiza chakula mjini kutoka mashambani. Tukishakula, tunakitupa mtoni. Mto unachafuka, na udongo wa mji unabaki na njaa. Kinachotakiwa ni kukirudisha ardhini kikiwa salama."

Bibi alijifunga kanga vizuri. "Mimi nitakwenda," alisema. "Nimeishi miaka yote hii sijajua kinakwenda wapi."

Mabwawa yalikuwa nje kidogo ya mji. Maji yaliingia machafu upande mmoja. Yalipita bwawa hadi bwawa, polepole, tope likizama chini na jua likiua vijidudu. Tope lile lilitolewa na kuanikwa kwenye vitanda vya mchanga mpaka likapasuka kama ardhi ya kiangazi. Halafu lilichanganywa na vumbi la mbao na majani makavu, likarundikwa marundo marefu.

"Leta mkono, Fundi," Bi Hadubini alisema. Alimpa glavu, akamwambia aingize mkono ndani ya rundo.

Fundi aliuingiza, akauchomoa haraka. "Linaungua!"

"Hakuna moto pale. Wadudu wadogo wazuri wanakula lile tope, na wakila wanatoa joto. Joto hilo ndilo linaloua vijidudu vya magonjwa na mayai ya minyoo. Tunaligeuza rundo mara kwa mara, ili la nje liingie ndani, kila sehemu ipate joto. Halafu tunaliacha lipoe na kukomaa kwa miezi kadhaa."

Aliwapeleka kwenye rundo la mwisho. Lilikuwa jeusi, laini, lenye chembechembe. Bibi aliinama, akanusa. Akanusa tena. Lilinuka kama ardhi baada ya mvua.

"Ama kweli!" alisema. "Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki!"

Wote walicheka, hata Fundi. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu siku ile ya shule.

"Hayanuki, Bibi," Bi Hadubini alisema, akifuta machozi ya kicheko. "Lakini ukale peke yake hautoshi. Kitu kinaweza kuacha kunuka na bado kikawa na mayai ya minyoo. Ndiyo maana ninapima kila rundo. Naangalia vijidudu. Naangalia pia sumu za karakana, kama madini ya risasi yanayotoka kwenye betri za magari. Rundo lenye sumu haliendi kwenye mboga. Na msijaribu kuchota shimo la choo nyumbani mkasema mnatengeneza hii. Nyumbani huwezi kujua joto limetosha."

"Na bustani yetu?" Mama Pacha aliuliza. "Imeharibika milele?"

"Upande wa chini, maji ya choo yalipofika, msipande mboga za majani kwa sasa. Mayai ya minyoo yanaweza kukaa ardhini zaidi ya mwaka. Pandeni mahindi. Punje iko juu, imefunikwa, na inapikwa. Nitapima udongo kabla hamjarudisha mboga. Upande wa juu, mfereji haukufika. Anzieni pale."

Walianza. Fundi alichimba upande wa juu, Bibi na pacha wakaokota vipande vya tofali. Walichanganya mbolea nyeusi na ule mchanga mkavu, kwa glavu na viatu vya kazi. Hawakuimwaga juu ya majani. Waliichanganya ardhini kabla ya kupanda, kisha wakanawa kwa sabuni. Mama Pacha alimwaga ndoo ya maji ya bomba kwenye tuta. Alisubiri yapotee kama zamani. Hayakupotea. Udongo uliyashika, ukawa mweusi na unyevu.

"Umekunywa," alisema taratibu. "Umekunywa na umebakisha."

Mchicha uliota. Ulifika urefu wa kidole. Hapo Mama Pacha alikosa usingizi, maana hapo ndipo ulipokuwa unagoma. Asubuhi alikwenda akiogopa kutazama. Majani yalikuwa ya kijani. Yalikuwa ya kijani siku ya pili na wiki iliyofuata, mpaka yakafunika tuta.

Lakini nani atanunua? Bi Hadubini alichukua mchicha na udongo, akaenda navyo kazini. Familia ilisubiri majibu kama watu waliosubiri hukumu. Fundi alishindwa kula. Bi Hadubini aliporudi, hakuzungusha maneno.

"Ni salama. Osheni, pikeni, kuleni."

Siku ya kwanza Mama Pacha aliweka meza nje, hakuna aliyesimama. Siku ya pili alisimama yule yule mwanamke aliyekuwa akivuka barabara.

"Hizi nazo umezimwagilia nini?" aliuliza kwa ukali, ili wapita njia wasikie.

Mama Pacha hakuinamisha kichwa. "Maji ya bomba," alisema. "Na mbolea inatokana na majitaka ya mji, dada. Sikufichi. Imerundikwa, imepata joto, imekomaa, imepimwa. Njoo uiguse. Ukitaka, nitakupeleka ukaone inavyotengenezwa."

Mwanamke yule alizunguka meza, akaingia bustanini. Alichukua udongo kiganjani, akaunusa kwa muda mrefu. Akarudi. Akachagua mafungu mawili.

"Ungeficha, nisingenunua," alisema.

Kutoka hapo watu walirudi, mmoja mmoja. Mpishi wa chekechea alirudi baadaye, akachukua mchicha wa kupika. Saladi bado hakutaka, na Mama Pacha hakumlaumu. Nyuma ya nyumba nyingine tatu watu walianza kuchimba mchanga wao wa kiwanda, na lori la mbolea likawa linaingia mtaani.

Mahindi yalipobeba, mwanamume mmoja wa mtaa wa pili alimfuata Fundi akiwa kazini. Alimvuta pembeni.

"Kaka, nasikia wewe unajua mabomba yote," alinong'ona. "Bomba la choo linapita nyuma kwangu. Nitobolee kidogo tu. Mboga zangu zinakufa. Nitakulipa vizuri."

Fundi aliweka spana chini. Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Una watoto?" aliuliza.

"Ninao. Watatu."

"Basi nibebee begi langu, twende."

"Kutoboa?"

"Kwenye mabwawa," Fundi alisema, akiwa ameshaanza kutembea. "Kuna rundo moja kule nataka uingize mkono."